Chambo, mbalamwezi na nguruwe pori: jibu kwa mkulima wa Kilwa

"Mtaalamu, habari za kazi. Nalima ekari nne pembezoni mwa msitu huku Kilwa: mahindi, mihogo na ufuta kidogo. Nguruwe wamenimaliza. Usiku mmoja tu wanafukua matuta mpaka nashindwa kujua nianzie wapi. Binamu yangu aliyeko Dar amenitumia video ya Wazungu wanaomwaga mahindi porini, wanakaa kwenye kibanda cha juu mwezi ukiwa mpevu, nguruwe wakija wanawapiga. Marehemu babu aliacha gobole. Nimeloweka mahindi kwenye ndoo, yamechacha vizuri, nataka niyamwage kwenye pembe ya shamba inayopakana na msitu, kisha nikae kwenye dungu usiku wa mwezi wa kumi na nne. Rafiki yangu anasema nisihangaike na bunduki, nichanganye tu chambo na dawa ya wadudu. Naomba unisaidie: usiku upi ni bora, chambo kipi, na nikae umbali gani? Na nyama naweza kuwauzia wanaokula huko mjini? Sisi hapa hatuli."

Pole kwa hasara, ndugu yangu. Muhogo ulioumwa nusu hauuziki wala hauhifadhiki. Sitakulaumu kwa kufikiria bunduki, maana mtu aliyelima kwa jembe la mkono miezi mitano ana haki ya kukasirika.

Umeuliza mambo manne, na yote nitayagusa. Lakini sitakupa kipimo cha chambo wala umbali wa kukaa na lile gobole, na sababu nitakueleza. Swali la mwezi ndilo nitakalokaa nalo zaidi, kwa sababu mpango wako wote umeuegemeza hapo, na huko kwenu kusini mwezi una hesabu ambayo ile video haikukuonyesha.

Tuanze na video yenyewe. Sijaiona, ila uwindaji wa namna hiyo naufahamu. Ujerumani, kwa mfano, sheria inakataza kuwinda wanyama wakubwa wenye kwato usiku, isipokuwa nguruwe mwitu. Wawindaji wao husubiri mwezi mpevu, na theluji ikiwa imetanda ndiyo raha zaidi, kwa sababu mnyama mweusi juu ya weupe huonekana wazi. Mahindi wanayoweka ni kidogo sana, ya kumfanya nguruwe asimame kidogo, si ya kumshibisha. Aliyekaa kwenye kibanda amefanya mtihani wa serikali akafaulu, ana leseni, ana bunduki yenye darubini, na ameruhusiwa kuwinda kwenye eneo hilohilo. Anaposhuka saa sita za usiku kumfuata mnyama aliyejeruhiwa, hamwazii simba. Wewe hapo una gobole la babu, mchanga mweusi wenye vivuli vya mikorosho, na msitu usioujua usiku una nani ndani.

Hata nguruwe wenyewe si wamoja. Yule wa Ulaya ni wa ukoo mmoja na nguruwe wa kufugwa. Wako, kwa kuwa anakuja usiku na kufukua mihogo, ni nguruwe pori, yule mwenye singa ndefu mgongoni na vishungi kwenye ncha za masikio. Si ngiri, maana ngiri ni mnyama wa mchana na usiku hulala shimoni. Nguruwe pori hutembea kwa kundi, dume, majike na watoto, na dume lake halikimbii likaacha familia. Linasaidia kulea na linapigana. Lina meno ya chini yanayojinoa kwenye ya juu kila linapotafuna. Mchana kundi hulala kwenye kichaka kizito, usiku hutoka. Macho yao si ya kutegemewa, ila pua na masikio ni ya ajabu. Hilo la pua likumbuke, kwa sababu ndilo linaloharibu hesabu ya chambo na hesabu ya mwezi pia.

Chambo kinafanya kazi, na nikikuambia hakifanyi nitakuwa nakudanganya. Mahindi yaliyochacha yananukia mbali, na huko Afrika Kusini wanaowinda nguruwe pori kwa vibali hutumia hayohayo. Tatizo ni kwamba harufu haichagui mgeni. Mchana wa kwanza watafika nyani, nao wakishajua kwamba kwenye pembe ile ya shamba kuna mahindi ya bure hawasahau. Usiku atakuja fungo, atakuja nungunungu. Nguruwe wenyewe wanaweza kuchukua siku kadhaa kabla ya kuamini, kwa sababu chambo kina harufu ya mikono yako, na katika siku hizo wewe utakuwa unaongeza mahindi. Maana yake unawazoesha njia ya kuja shambani kwako, tena unawalisha. Utampiga mmoja, pengine. Kundi litatawanyika, litakaa mbali kidogo, kisha litarudi, kwa kuwa sasa linajua pana chakula. Na nafasi ya aliyekufa hujazwa upesi, kwani jike huzaa watoto watatu, wanne, wakati mwingine zaidi, na msitu nyuma yako hauna uzio.

Kuna jambo lingine la kwenu ambalo watu hawalisemi kwa sauti. Sehemu kubwa ya Pwani, Lindi na Mtwara watu hawali nguruwe. Paa, pofu na wenzao wamewindwa wakapungua, nguruwe akabaki, kwa sababu hana mteja kijijini. Ndiyo maana unawaona wengi hivyo.

Sasa mwezi. Dhana yako ni kwamba mbalamwezi itakusaidia wewe kuona. Ni kweli, kidogo. Lakini mnyama anayewindwa usiku naye anajua kwamba anaonekana. Wanyama wengi walao majani na mizizi hupunguza mizunguko usiku wa mwezi mkali au hujibana vivulini. Kwa nungunungu jambo hili limechunguzwa na kuthibitishwa. Nguruwe pori, kwa maelezo ya wanaowafuatilia, hufanya vivyo hivyo: husimama muda mrefu ndani ya kivuli cha mwisho cha msitu wakinusa upepo, huingia wazi wakiwa wamechelewa, au hawaingii kabisa. Hawana wanachopoteza, kwa sababu giza haliwasumbui. Chakula wanakitafuta kwa pua. Kesho kutwa mwezi utachelewa kuchomoza nao watakuja na giza la kwanza, wakati wewe umelala kwa uchovu wa mikesha.

Upepo nao. Mahindi yako yanakomaa wakati kusi inaanza kuvuma. Ukikaa upande ambao upepo unatoka kwako kwenda msituni, unaweza kukaa hadi alfajiri chini ya mwezi mzuri kuliko wote usione hata sikio.

Hata hivyo, si kukosa nguruwe kunakonitia wasiwasi. Kinachonitia wasiwasi ni simba.

Mwaka 2005 watafiti wa simba, wakiongozwa na Craig Packer pamoja na wenzake wa Tanzania, walichapisha hesabu ya mashambulizi ya simba kwa watu nchini. Tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua watu wasiopungua 563 na kujeruhi zaidi ya 308. Mengi yalitokea kusini mashariki, ukanda wenu huo wa Rufiji na Lindi. Walipotafuta kwa nini pale na si kwingine, nguruwe pori alijitokeza waziwazi: mashambulizi yalikuwa mengi penye nguruwe wengi na wanyama wengine wachache. Msimu mbaya ulikuwa wa mavuno, Machi hadi Mei. Sababu yake unaijua kuliko mimi. Ndio msimu ambao nguruwe wanaingia shambani, na watu wanahamia shambani kuwazuia, wanalala kwenye madungu na vibanda vya makuti visivyo na mlango. Simba anamfuata nguruwe, anafika shambani, anakuta mtu amelala.

Kwa hiyo ukimwita nguruwe kwenye pembe ya shamba, umemwita na anayemla. Halafu wewe mwenyewe unajiweka palepale, peke yako, umetulia kimya kwa saa nyingi.

Baadaye, mwaka 2011, timu hiyohiyo ilitoa uchunguzi mwingine, safari hii wa mwezi. Walichukua kumbukumbu za mashambulizi ya kati ya mwaka 1988 na 2009, yaliyogusa watu zaidi ya 1,000, na kuyapanga kwa umri wa mwezi. Watu wengi wangedhani usiku hatari ni ule wa giza totoro, mwezi mwandamo. Wengine wangesema ni usiku wa mwezi mpevu. Jibu lilikuwa katikati: siku kumi zinazofuata baada ya mwezi mpevu. Katika saa za giza za siku hizo, mashambulizi yalikuwa mara mbili hadi nne ya yale ya siku kumi zinazoutangulia.

Maelezo yake ni rahisi ukiyaangalia angani. Usiku wa mwezi mpevu, mwezi unachomoza jua likizama, kwa hiyo hakuna giza kabisa mpaka asubuhi. Kabla ya hapo, mwezi unapokua, jua likizama unakuwa tayari uko juu. Jioni zote zina mwanga. Ila baada ya mwezi mpevu unaanza kuchelewa, dakika hamsini hivi kila siku. Siku ya tatu unachomoza kama saa tatu kasoro za usiku. Siku ya tano ni saa nne na zaidi. Katikati ya magharibi na kuchomoza kwake kuna giza zito, na ndizo saa ambazo mtu bado yuko nje: anatoka msikitini, anapika, anakwenda chooni, anaelekea shambani kulinda. Mashambulizi mengi yalitokea kati ya saa kumi na mbili jioni na saa nne kasoro za usiku.

Upande wa simba, mwanga wa mwezi unamfanya akose mawindo. Watafiti hao walipima matumbo ya simba kwa macho, jinsi yalivyojaa au kubonyea, wakakuta usiku wa mwanga mwingi wanakula kidogo. Basi mwezi mpevu unapopita, simba ana njaa ya siku kadhaa na amerudishiwa giza lake la jioni. Wewe umekaa usiku wa kumi na nne hukupata kitu. Utasema, "Ngoja nijaribu na kesho, na kesho kutwa." Hapo ndipo unapoingia kwenye zile siku kumi, na chambo chako kimeshakusanya nguruwe.

Huko pwani kuna nafuu moja: watu bado wanauhesabu mwezi. Anayejua leo ni tarehe ngapi ya mwezi wa Kiislamu hahitaji programu ya simu. Kuanzia tarehe 15 au 16 hadi 25 hivi, jioni ni ya kukaa ndani. Nashauri hata watoto wafundishwe hivyo.

Sisemi kila kijiji cha Kilwa kina simba leo. Sehemu nyingi wamepungua, na kuna vijiji ambavyo mara ya mwisho kuona nyayo ni zamani. Waulize wazee, waulize wachoma mkaa na warina asali, hao ndio wanaopita msituni. Lakini usitegemee pia kwamba mla watu ni lazima awe simba mzee aliyechoka. Yule wa Rufiji aliyeuawa mwaka 2004, baada ya kuua watu zaidi ya 30, alikuwa bado kijana, ila alikuwa na jino bovu lenye usaha. Na hata pasipo simba, kuna chui, kuna fisi, na kuna lile dume la nguruwe lililojeruhiwa.

Hilo linanileta kwenye gobole. Gobole linatoa risasi moja na moshi mwingi. Baada ya mlio huoni kitu, huna risasi ya pili, na mnyama mwenye gololi tumboni ameingia kichakani. Kumfuata usiku ni kutafuta kupasuliwa paja. Kutomfuata ni kumwachia jirani yako mnyama mkali asubuhi. Mbalamwezi nayo inadanganya: inaonyesha umbo jeusi bila kina, huwezi kupima umbali, na jike lenye watoto huwezi kulitofautisha na dume. Baya zaidi ni mtu. Msimu huu mashamba yana walinzi kila upande. Mzee aliyeinama kwenye mahindi akifunga kamba ya debe lake ana umbo lilelile. Ukikaa peke yako na hofu na usingizi, kidole hakisubiri.

Kisheria ni hivi. Silaha aliyoacha babu si yako mpaka imilikiwe kwa utaratibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Ipeleke polisi, na kabla ya kuibeba zungumza kwanza na mtendaji wa kijiji ili usikutwe nayo barabarani. Wanyamapori nao wako chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Kuwinda kunahitaji leseni, na mambo uliyoyataja, yaani chambo, sumu na kuwinda usiku, pamoja na taa, mitego ya waya na mashimo, yamo kwenye njia zilizokatazwa bila kibali cha maandishi cha Mkurugenzi wa Wanyamapori. Sheria inatambua kujitetea mnyama anapokuvamia wewe au mali yako. Lakini mtu aliyemwaga mahindi siku kadhaa, akapanda dunguni na bunduki akisubiri, atapata shida kumweleza hakimu kwamba alivamiwa.

Kuhusu ushauri wa rafiki yako, naomba umkatalie bila kumung'unya. Dawa ya wadudu kwenye chambo haimuui nguruwe peke yake. Inamuua nyani, mbwa wa jirani, kuku watakaodonoa punje asubuhi, na mtoto atakayeokota hindi. Mzoga unaliwa na fisi na tumbusi, nao wanakufa hapohapo. Botswana, Juni 2019, mizoga mitatu tu ya tembo iliyotiwa sumu iliua tumbusi 537. Mvua ikinyesha inayobaki inaingia kisimani. Katika mambo yote uliyoniandikia, hili ndilo ambalo sina upande wa pili wa kulipima.

Nyama nayo nitaipitia haraka. Huwezi kuuza. Nyamapori bila kibali ni nyara za Serikali, na kesi zake ni nzito kuliko thamani ya mihogo yako yote. Kiafya, nguruwe pori hubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika bila yeye kuugua. Ugonjwa huo ulielezwa kitaalamu mara ya kwanza Kenya mwaka 1921, kwenye nguruwe wa walowezi. Haumpati binadamu, ila mabaki ya nyama au damu yakifika kwenye banda la mfugaji wa mjini, anaweza kupoteza nguruwe wote kwa wiki moja au mbili, na tiba hakuna.

Sasa ufanye nini? Ungekuwa unaniuliza niweke wapi nguvu na fedha kidogo ulizonazo, ningeziweka kwenye mpaka wa shamba, si kwenye chambo. Nguruwe hana desturi ya kuruka uzio. Anasukuma. Nenda asubuhi ukaangalie pale anapoingilia: utaona njia nyembamba iliyokanyagwa ikawa laini, matope yaliyokauka kwenye shina la mti usawa wa goti lako, na chini ya matawi uliyoweka kuna mwanya ambao ameinua kwa pua. Uzio wa miiba uliorundikwa juu ya ardhi hauzuii kwa sababu hiyo. Unahitaji nguzo zilizozikwa nusu mita, zimebanana kiasi ambacho ngumi haipiti, kimo cha kiunoni kinatosha, na chini kabisa magogo ya kulala yaliyofungwa kwa waya kwenye kila nguzo. Chini ndipo pa kumaliza waya wako. Juu weka chochote. Mchwa watakula nguzo, kwa hiyo kila kiangazi kuna kazi ya kubadilisha, na mkonge uliopandwa safu mbili za kupishana nyuma ya nguzo utachukua nafasi yake baada ya miaka michache.

Najua utakachosema: ekari nne ni nyingi. Zikiwa mraba, mzunguko wake ni mita 500 hivi. Ekari moja ni kama mita 250. Basi usizungushie zote. Zungushia ekari ya mihogo, au hamisha mihogo upande wa nyumbani na upande wa msitu weka ufuta, ambao nguruwe hawaupendi kama muhogo au hindi bichi. Bora zaidi, zungumza na majirani. Wakulima wanne wenye ekari nne nne wakiunganisha mashamba, mzunguko wa ekari zote 16 ni kama kilomita moja, yaani kila mmoja anajenga mita 250 badala ya 500. Nusu ya kazi. Najua majirani wana maneno, huyu hakuja, yule hakuleta nguzo. Hesabu inabaki vilevile.

Handaki nalo linafaa penye udongo wa mfinyanzi: kina mita moja, upana mita moja, ukuta wa upande wa shamba uwe wima. Kwenye mchanga litabomoka masika ya kwanza, usijisumbue. Vichaka vilivyo kati ya msitu na shamba vifyeke, upana wa hatua thelathini kama unaweza, kwa sababu nguruwe anachukia kuvuka peupe. Ila kama ni msitu wa hifadhi, omba ruhusa kwanza. Uzio wa umeme wa jua wenye nyaya mbili za chini unazuia vizuri sana, lakini kwa mkulima mmoja bei yake haina maana. Kwa kikundi inaweza kuzungumzika.

Wapo wanaobadilisha mbegu wakapanda mihogo michungu, na ni kweli nguruwe huigusa kidogo. Mimi siipendekezi moja kwa moja. Mihogo hiyo ina sumu, inataka kuvundikwa na kukaushwa sawasawa iwe makopa, na mwaka wa njaa watu hukata njia. Konzo, ule ugonjwa unaopooza miguu, umewahi kuwapata watu wa Mtwara kwa sababu hiyo.

Kulinda usiku hakutakwisha, najua. Basi mlinde wawili au watatu, si mtu mmoja. Dungu liwe juu kuliko mtu mzima anavyoweza kufika akinyoosha mkono, liwe na kuta za fito na mlango unaofungwa kwa ndani, na ngazi ivutwe juu. Pandeni kabla jua halijazama, mshuke kumekucha. Haja ndogo msishukie. Moto, debe, redio na tochi vyote vinasaidia, ila badilisheni, kwa sababu nguruwe huzoea sauti inayojirudia kila usiku. Na zile siku kumi baada ya mwezi mpevu, kama kuna habari yoyote ya simba kwenye eneo, msilale shambani. Ndiyo, mtapoteza mahindi.

Kwa wapi pa kupeleka malalamiko: anza na mtendaji wa kijiji, kisha afisa wanyamapori wa wilaya. Yeye anaweza kutuma askari au kuwaita TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, na hao ndio wenye mamlaka ya kufukuza au kuua wanyama waharibifu, na ndio watakaokueleza kama mwenye leseni na silaha halali anaweza kuruhusiwa kusaidia. Sitakuficha kwamba ni wachache na tembo huwatangulia nguruwe kwenye foleni. Kundi la wakulima kumi waliosaini barua moja, wenye picha za uharibifu zenye tarehe na ukubwa wa mashamba yaliyoliwa, husikilizwa haraka kuliko mtu mmoja aliyekuja kulalamika mlangoni.

Lakini kuna hali ambazo hazisubiri barua. Ukiona unyayo wa mviringo usio na alama za kucha, mpana kuliko kiganja chako, au ukisikia mbwa wa kijiji wamenyamaza ghafla na ng'ombe wanahangaika, piga simu kwa mtendaji palepale, hata kama ni usiku, ili askari wa wanyamapori waitwe. Usiufuate unyayo. Funika unyayo mmoja kwa karai ili wautambue watakapofika, na watu wote waliolala mashambani warudishwe nyumbani kabla ya magharibi. Mtu akijeruhiwa na mnyama yeyote, nguruwe akiwemo, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni, kibane kama kinavuja damu, na afikishwe hospitali siku hiyohiyo hata kikionekana kidogo, kwa sababu meno hayo huingiza uchafu ndani sana na atahitaji sindano ya pepopunda, na daktari ataamua kuhusu kichaa cha mbwa. Akiwa ni simba au tembo, hifadhi karatasi za hospitali: kuna kifuta machozi kwa kanuni za mwaka 2011 za wanyama hatari, nacho huombwa kupitia ofisi ileile ya wanyamapori ya wilaya.

Na ile ndoo ya mahindi yaliyochacha, imwage kwenye shimo la mbolea nyumbani, kisha ulifukie vizuri.